Ngoma ya Chuga Inapita Kijiweni Kwanza

Kama ngoma yako haijapita kijiweni basi bado haijaisha, hata kama umeshalipa studio na prodyuza kashakuwekea kwenye flashi. Hili nimelijua kwa kukaa miaka mingi nyuma ya kompyuta kwenye chumba kimoja cha kurekodia pale Ngarenaro, Arusha, mji ambao wenyewe tunauita Chuga, nikirekodi machalii, yani vijana wa mtaani wanaochana, wanaorap, na naliandika sababu naona madogo wengi wa mikoani wanaambiwa shida yao ni koneksheni, sijui video, sijui hawako Dar, wakati mi nilichokiona kwa macho yangu ni tofauti kabisa. Ngoma za mkoani zinazodumu ni zile ambazo watu walioimbwa ndani yake wamezisikia wakasema eeh, hivi ndo tunavyoishi.

Nitaongelea zaidi mchizi mmoja wa Unga Ltd, mtaa wa hapahapa Arusha, ambae nimerekodi nae ngoma nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, jina lake naliacha, mwenyewe ndo kaomba hivo. Ila kabla sijafika kwake lazima niseme kidogo kuhusu mji wenyewe maana bila mji huwezi kumuelewa.

Arusha ukija kama mgeni utaona magari ya safari yamejipanga kwenda Ngorongoro na Serengeti, utaona AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, ambako mahakama ya mauaji ya Rwanda ilikaa toka 1995 mpaka 2015, utaona makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, maduka ya tanzanite, mahoteli. Hela inapita hapo katikati kila siku. Af ukisogea kidogo tu, Unga Ltd, Sombetini, Daraja Mbili, Kaloleni, unakutana na wanaofua mashuka ya hizo hoteli, wanaoosha hayo magari, flaikacha wanaowafuata wazungu kutwa nzima na michoro na shanga mkononi, na wanaapolo, wale wachimbaji wa tanzanite, waliorudi toka machimbo ya Mererani mifuko mitupu wanasubiri mgodi uteme. Chalii wa hapo kwa siku moja anasikia Kiswahili, Kimasai, Kimeru, Kichaga, Kirangi na Kiingereza cha flaikacha kilichochanganywa na vipande vya Kijerumani na Kihispania. Ndo maana uchanaji wa Chuga haujawahi kufanana na wa Dar, na mi sidhani kama ulikua na sababu ya kufanana.

Kundi la X Plastaz la hapa Arusha walilielewa hilo mapema sana. Walianza 1996, na walichofanya ni kuchukua kuchana kwa Kiswahili wakakikutanisha na sauti za kimasai za Yamat Ole Meipuko, yule wengi tulikua tunamuita Merege, na sio kwamba walimuweka kama pambo la kuuzia wazungu, sauti ile ilikua inabeba wimbo. Albamu yao Maasai Hip Hop ilitoka 2004 kupitia lebo ya Ujerumani na wakazunguka Ulaya kabla hata baadhi ya redio za hapa kwetu hazijawazoea. Faza Nelly wa kundi hilo akauawa 2006 hapahapa Arusha, na kwa sisi tuliokua wadogo kipindi kile ilikua ni kama mtaa mzima umefiwa, kuna watu walikua hawajawahi hata kuongea nae lakini walilia, kwasababu alikua ni mtu wa kwanza waliyemsikia kwenye spika akiongea kama wao.

Af kila kitaa kikawa na watu wake. Ngarenaro kulikua na kundi la Nako 2 Nako, kina G Nako, Lord Eyez, Ibra da Hustler, Bou Nako. Kulikua na River Camp ya kina Joh Makini na mdogo wake Nikki wa Pili na Bonta. Kijenge kulikua na Watengwa, kina JCB na Chindo Man. Ulikua unaweza kusikia mistari minne tu toka kwenye dirisha la kifodi, daladala zetu ndogo, ukajua huyu wa kitaa gani. Na ushindani ulikua mkali kweli, wa maneno, watu wanakaa usiku mzima wanatafuta kina kimoja ili kesho wasiaibike. Najua mikoa mingine nao wana hadithi zao, Mwanza ina Fid Q, Morogoro ilimtoa Afande Sele na baadae Stamina, Tanga ina Roma, Mbeya ilimtoa Sugu, mtu ambaye alikuja kua mbunge wa Mbeya Mjini toka 2010 hadi 2020. Hiyo orodha peke yake inatosha kumjibu mtu anaekwambia hip hop ya Tanzania ni Dar tu.

Sasa mchizi wangu wa Unga Ltd.

Huyu jamaa haandiki akiwa amekaa. Anatembea. Anatoka kwao asubuhi anaenda mpaka soko la Kilombero ambako alikua anabeba mizigo, na njiani ndo anatunga, anarudiarudia mdomoni mpaka mstari ukae, akifika kwangu jioni hana karatasi wala simu, kila kitu kiko kichwani. Mwanzoni nilimuona ni mtu wa kawaida tu kati ya wale wengi waliokua wanakuja, mpaka siku aliyoingia na mistari hii miwili:

Nimekulia Unga, unga tunapima kwa kikombe
Bimkubwa anafunga ili dogo asiombe

Angalia vina vilivyokaa. Unga na anafunga katikati, kikombe na asiombe mwishoni, mistari yote miwili imefungwa sehemu mbilimbili kama mashairi ya wazee wetu, na wala hajawahi kukaa darasani kufundishwa vina vya kati na vina vya mwisho. Mi niliipenda palepale nikataka tuingie kwenye maiki. Akagoma. Akasema ngoja kwanza, hii naenda nayo maskani.

Maskani yao ni pembeni ya gereji, kuna fundi magari, kuna bodaboda, kuna wanaapolo wawili watatu wanaokuja na kuondoka, kuna mama anauza uji na chapati, na kuna mangi wa duka kwa ng'ambo ya barabara. Nilimfuata. Akachana pale mbele ya watu bila biti, anagonga tu kwenye dumu. Alipomaliza mangi akawa wa kwanza kupinga, akasema kikombe gani hicho, unga mi nauza kwa mizani, robo, nusu, kilo, hakuna mtu ananunua unga kwa kikombe kwangu. Watu wakacheka, fundi akamuunga mkono mangi. Yule mama wa uji akanyoosha mkono kama yuko darasani akasema nyie wanaume hamjui kitu, kikombe ni ndani ya nyumba, mangi anakuuzia kwa mizani lakini ukifika nyumbani unachota toka kwenye kopo kwa kikombe ili ujue leo umepika vikombe vingapi na kesho vimebaki vingapi. Mabishano yakaisha hapohapo. Mstari ukabaki.

Kile kitu kilinifundisha mengi kuliko mafunzo yoyote ya studio niliyowahi kupata. Yule mama hajui hip hop ni nini, ila alijua ule mstari unaongea kuhusu jiko lake, na aliutetea mbele ya wanaume wote wale. Toka siku hiyo kila alipokua anasikia ngoma ile ikipita kwenye bodaboda alikua anawaambia wateja wake kikombe hicho mnakisikia, ni mimi.

Kuna siku nyingine kijiwe hakikumpa haki kirahisi hivo. Alikua na ubeti kuhusu Mererani, kuhusu chalii anaeshuka chini ya ardhi, na kwenye mstari mmoja chalii anashuka na tochi mkononi. Wanaapolo waliokuwepo wakamkatisha. Wakamwambia tochi inafungwa kichwani, mikono ni ya kamba, ukishika tochi mkononi unashikilia nini, utafika chini kabla ya wakati. Wakaanza kumuelezea joto la kule chini, vumbi, harufu ya baruti, jinsi mnavyogawana ugali, jinsi mwenye mgodi anavyowalisha bila mshahara mpaka jiwe lipatikane, na jinsi kila mtu anavyojua mtu ambaye hakupanda tena kwenye mafuriko ya 1998 au yale ya 2008. Jamaa akaenda akavunja ubeti wote, sio ule mstari tu. Alirudi na kitu ambacho mi nikikisikia mpaka leo mwili unasisimka, na hakuna jiwe ndani yake, hakuna utajiri, kuna kamba tu na watu wanaoisubiri itikisike.

Nakumbuka hilo kwasababu mwaka 2020 Saniniu Laizer alivyouza yale mawe mawili makubwa kwa serikali kwa zaidi ya bilioni 7, kila chalii aliyekuja studio mwezi ule na uliofuata alikua na mstari wa Laizer. Wote. Bilionea, Laizer, gari, ng'ombe, basi. Siwalaumu, habari ilikua kubwa na ilikua nzuri, mtu wa Simanjiro kufika pale sio kitu kidogo. Lakini ukisikiliza zote mfululizo unagundua hakuna aliyeenda kumuuliza mwanaapolo chochote, waliandika walichoona kwenye simu, na hizo ngoma leo hakuna anaezikumbuka hata mmoja wao wenyewe. Ubeti wa kamba bado unapigwa.

Kuhusu kurekodi kwenyewe sina mengi ya ajabu ya kusema. Chumba chetu kilikua kimezibwa dirisha, ukutani magodoro na mablanketi, kompyuta yenye programu za kurekodia, Cubase na FL Studio, maiki moja nzuri. Tulikua tunachaji kwa wimbo na mara nyingi tunalipwa kwa awamu, mwingine analeta kidogo akipata kibarua, mwingine anamaliza deni siku mgodi ukitema. Umeme ukikatika mnakaa nje mnaota jua. Arusha mwezi wa sita na wa saba baridi inakaba sauti kabisa kwahiyo wale wenye sauti nzito tulikua tunawaita mchana, asubuhi sauti zinakwaruza tu.

Ila kuna kitu kimoja kuhusu wachanaji wa mtaani ambacho prodyuza yeyote anaeanza inabidi akijue. Wamezoea kuchana mbele ya watu. Ukimfungia peke yake na maiki akiangalia godoro, anakufa, sauti inakua ya mtu anaesoma tangazo. Nilichofanya ni kuwaruhusu wana wawili watatu wakae chini sakafuni kimya, simu zimezimwa, anachana akiwaangalia wao. Unaona kabisa mkono unaanza kutembea, pumzi inakaa, na kile kicheko kidogo kati ya mstari na mstari ambacho huwezi kumuelekeza mtu akifanye kinakuja chenyewe. Kweli kelele kidogo zinaingia, mtu anakohoa, nguo inachakacha. Nilikua naziacha. Kwenye ngoma moja kuna mtu anasikika kwa mbali anasema duh, na hiyo duh watu wanaisubiri kwenye shoo waiseme wote kwa pamoja.

Kusambaza nako ni elimu. Zamani ilikua CD za kuburn, af ikaja enzi ya vibanda vya kurusha nyimbo, pale karibu na stendi ndogo na Kilombero, unaenda na memori kadi yako jamaa anakujazia mamia ya nyimbo kwa hela ndogo. Watu wa redio wanajiona wao ndo wanaamua nini kinapendwa lakini kwa Arusha yule jamaa wa kibanda alikua na nguvu sana, akikuweka kwenye folda ya Chuga umeingia kwenye simu za mji mzima, na wengine wanaondoka nazo mpaka Babati, Karatu, Singida, Namanga. Sisi tulikua tunapeleka ngoma pale bure. Pia kwa makonda wa vifodi, na siku hizi kwa bodaboda wenye spika. Konda anakupa ripoti ambayo hakuna kompyuta itakupa. Anakwambia huu wimbo watu wananyamaza ukifika ubeti wa pili, au anakwambia huu mama mmoja aliniambia nizime, au hapa mwanafunzi mmoja aliomba nirudishe. Mchizi wangu alikua anapanda kifodi toka Unga hadi Sakina na kurudi, anakaa siti ya nyuma na kofia usoni, hajitambulishi, anasikiliza watu wanavyosikiliza. Huo ndo utafiti wake.

Sasa kuna jambo zito ambalo nataka nilikalie kidogo.

Muziki wa mtaani unaongelea vifo. Huwezi kukwepa. Na kule kwetu kuna vifo vya aina moja vibaya sana, mtu anaitiwa mwizi, umati unakusanyika, mawe, tairi. Kulikua na dogo mmoja wa kitaa cha jirani aliyeuawa hivo. Mchizi wangu alikua anamfahamu, walishacheza mpira pamoja, na akaandika ubeti juu yake, hakumtaja jina ila kila mtu wa pale angejua. Ubeti ulikua mkali, unauliza nani alikua wa kwanza kurusha jiwe na huyo mtu leo analala vipi. Biti ilikua tayari, kiitikio tayari, wote tuliokuwepo tunaona hii ndo ngoma itakayomtoa.

Akasema siiachii mpaka mama yake aisikie.

Wana wengine walimwambia usiende kumtonesha mama wa watu kidonda. Yeye akaenda, mi nikaenda nae na simu yenye wimbo na spika ndogo. Tukakaa kwenye benchi nje ya mlango wake. Tukamsalimia, shikamoo mama, marahaba wanangu, akatuletea chai ya maziwa, jamaa akamueleza kwa heshima kabisa kwamba mama nimeandika kitu kuhusu ndugu yetu na sitaki mtu mwingine akisikie kabla yako, ukisema nifute nafuta. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akaomba arudishiwe. Baada ya mara ya pili akasema, mwanangu umesema vizuri kuhusu walioua, ila hujasema kwamba alikua anajifunza ufundi wa sofa. Akasema toka siku ile kila mtu anaepita hapa anajua mwanangu alikua mwizi au anajua mwanangu alionewa, hakuna anaejua kwamba kochi iliyoko humu ndani kaishona yeye.

Jamaa akauliza maswali. Alijifunza kwa nani, alianza na nini, alipenda kitambaa gani. Mama akatuingiza ndani akatuonyesha lile kochi, akatuonyesha upande ambao mshono umeenda kombo sababu ndo lilikua la kwanza. Tulikaa pale mpaka jioni. Ubeti mpya uliotoka hauna mawe mengi, una sindano, una uzi, una sponji, una mtu anaekunja kitambaa cha rangi ya damu ya mzee akihangaika na kona, na swali la nani alirusha jiwe linakuja kwenye mstari wa mwisho kabisa mara moja tu. Ngoma ilivyotoka watu wa mtaa ule waliokuwepo siku ya tukio walikua wanaisikia kwenye bodaboda kama wengine. Kuna mtu mzima mmoja alimfuata jamaa baadae wakaongea pembeni kwa muda mrefu. Sijui waliongea nini na sijawahi kuuliza.

Mi naamini kabisa kwamba ukichana kuhusu mtu wa mtaani kwako una deni kwake. Unatumia maisha yake kutengeneza jina lako. Kama yuko hai muulize, kama hayupo waulize waliobaki, na hii sio adabu tu, ni ufundi, sababu wao ndo wana sindano na sponji, wewe una hasira tu na hasira kila mtu anayo.

Tukaenda Dar pia, sitaki nidanganye kwamba tulikaa tu Chuga. Tulibeba ngoma kwenye flashi tukapanda basi usiku. Kwenye redio moja mtangazaji aliisikiliza nusu dakika akasema biti kali lakini hii lugha nani ataielewa huku, punguza uchuga, tia kiitikio cha kuimba, na mwenzake nje akatuelekeza kwamba kuna hela ya promo inatakiwa itangulie. Jamaa aliwashukuru, akasalimia wote, tukaondoka. Kwenye basi la kurudi aliniuliza kitu kimoja tu, Joh Makini anaongea lugha gani?

Na ni swali zuri. Kundi la Weusi lilitokana na watu wa Nako 2 Nako na River Camp waliokutana, Joh, Nikki, G Nako, Lord Eyez, Bonta, na waliingia Dar na lafudhi yao na maneno yao, nchi nzima ikajifunza kuongea kama wao, mpaka watoto wa Lindi wakawa wanasema chalii angu. Joh akaenda mpaka kufanya kolabo na rapa AKA wa Afrika Kusini mwaka 2015 bila kubadilisha mdomo wake. Nikki wa Pili mwaka 2021 akateuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Kwahiyo mtu akisema lugha ya mkoani inafunga milango mi sielewi anaongelea milango gani. Kinachofunga milango ni hela, hilo ni kweli, na ni umbali, na ni kwamba wenye redio kubwa wote wako sehemu moja. Hivyo vitu vina ugumu wake halisi na sitaki kuwadanganya madogo kwamba ukiwa mkweli tu utatoboa. Nimeona wachanaji hatari sana wakiishia kua madereva na wapishi wa makampuni ya safari, wana familia, wako sawa, na hakuna nje ya Arusha anaewajua.

Kuhusu hela nisemee kidogo maana ndo sehemu watu wanagombana. Sheria ya hakimiliki iko toka 1999 na ndo iliyoizaa COSOTA, taasisi ya hakimiliki, lakini machalii wengi wanaanza kuisikia siku ngoma yao imetumika kwenye tangazo la mtu. Studio yetu tulianza utaratibu wa karatasi. Kabla maiki haijawashwa tunaandika biti ya nani, kiitikio cha nani, mashairi ya nani na mgao ukoje, kila mtu anasaini, kila mtu anapiga picha na simu yake. Imeokoa urafiki wa watu wengi mno. Nimeshuhudia wana waliokua wanakula sahani moja wakaacha kusalimiana kisa kiitikio cha maneno manne. Mchizi wangu yeye kila ngoma anamuandikia asilimia dogo mmoja anaempigia dumu kijiweni, mwanzoni watu walimshangaa, leo dogo huyo anatengeneza biti zake mwenyewe na anazisajili.

Hela kubwa zaidi kwake haijatoka redio wala YouTube, imetoka kwenye shoo ndogondogo, mechi za mchangani, misiba mpaka na harusi, watu wanamuita aje achane ubeti wa marehemu au wa bwana harusi baada ya kukaa na familia siku nzima akiwauliza. Amekua kama manju wa zamani. Sijaona mtu mwingine anafanya hivo na nadhani ni kitu ambacho wachanaji wa mikoani wangekichukua kwa uzito, kwasababu familia italipa kwa moyo kusikia mzee wao akisemwa vizuri na kwa ukweli, na fulana zenye mstari wake zinauzika hapohapo.

Akina dada bado ni wachache na hii inaniuma. Kuna mmoja wa Sakina anachana kuliko wanaume wengi niliowarekodi, anauza mitumba, ubeti wake kuhusu kupanga foleni ya maji alfajiri ulipita kijiweni bila mtu kugusa neno hata moja. Shida yake ni kwamba shoo ni usiku na kurudi nyumbani usiku kwa mwanamke ni hesabu nyingine kabisa. Tumeanza kufanya bato mchana Jumamosi, kwenye uwanja wazi, na ghafla wakaja wengine ambao hatukujua hata kama wapo, mmoja amevaa sare za saluni kaja mara moja kuchana kisha karudi kazini. Muda tu ndo ulikua unawazuia.

Kwa sasa tuko na ngoma mpya, ni ya vifodi. Ubeti wa kwanza ni wa dereva, wa pili wa konda, wa tatu wa abiria ambae hana nauli. Beti mbili za kwanza zimepita. Wa tatu una ugomvi mkubwa, makonda wanasema abiria wa hivo huwa anasema mapema kabla hajapanda, abiria wanasema hapana, unakaa kimya unaomba Mungu konda asahau, na yule mama wa uji anasema inategemea umebeba mtoto au hujabeba. Jamaa kaamua kupanda vifodi tena wiki hii asikilize. Dada wa Sakina kasema yeye ndo atachana huo ubeti, na mtoto mgongoni, na mi naona yuko sahihi, ila lazima kwanza makonda wakubali.